Maji Kung'aa Siyo Kuwa Salama

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya maji ya nyumbani. Sisemi maji ya mtoni wala ya bombani. Nasema yale ambayo yamekwisha kufika nyumbani, yamo ndani ya ndoo, dumu, mtungi, pipa au tangi, yanangoja kunywewa. Wengi wetu tunahangaika sana kuyapata maji, na tukishayapata tunadhani kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, na hiyo ndiyo inayotushinda.

Nitaichukua Mwimbi iwe mfano wetu. Mwimbi iko katika wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, kusini ya mji wa Sumbawanga. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Lakini sizungumzi na watu wa Mwimbi peke yao. Nazungumza pia na watoto wa Mwimbi walioko Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam, ambao kila mwaka hutuma nyumbani bati, saruji na simtanki ili wazee wapumzike kubeba ndoo. Ni tendo jema kabisa. Swali langu ni moja: je, pamoja na tangi hilo, tumewatumia pia maarifa ya kuyatunza maji yatakayokaa ndani yake?

Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, kiasi cha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukame hushika mpaka mwaka unakaribia kwisha. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 ikilinyeshea, linaweza kukusanya lita 1,000 kwa siku moja. Hiyo ni neema. Lakini maji hayo hupita juu ya bati lenye vumbi la miezi sita, majani makavu na vinyesi vya ndege, halafu yanakaa tangini kwa wiki nyingi. Ukifungua koki yanatoka maangavu kama kioo. Mzee anakunywa na kumshukuru mwanawe.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kung'aa kwa maji ni jambo moja na usalama wake ni jambo jingine kabisa. Kijidudu cha kipindupindu au cha homa ya matumbo ni kidogo mno, kiasi cha sehemu chache tu za elfu za milimita. Glasi moja inaweza kuwa na mamilioni ya vijidudu hivyo na jicho lisione hata uzi wa tope. Wapo akina mama hodari wanaotumia shabu kuyafanya maji ya tope yatulie, na wengine mbegu za mlonge. Kazi hiyo ni nzuri, kwa sababu tope huzama chini na maji huwa meupe juu. Lakini shabu hutuliza tope, haiui vijidudu vyote vilivyobaki. Aliyeishia kwenye shabu amemaliza nusu ya kazi.

Kosa hili la kuyaamini maji kwa sura na ladha siyo letu peke yetu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari aliyeitwa John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akakuta vinaizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Alikuwapo mjane mmoja ambaye alikuwa amehama mtaa huo na kuishi mbali, kwenye hewa safi, lakini alikuwa akiletewa maji ya pampu ile ile kwa sababu aliipenda ladha yake. Akayanywa, akafa kwa kipindupindu. Majirani zake wapya, ambao hawakuyagusa, hawakupata kitu. Maji yaliyomuua yalikuwa matamu.

Kwetu Tanzania, kipindupindu cha zama hizi kiliripotiwa kwanza mwaka 1974. Mwaka 1992 waliripotiwa wagonjwa 18,526 na vifo 2,173. Mwaka 1997 wagonjwa walikuwa 40,249 na waliokufa 2,231. Tukadhani tumejifunza. Agosti 2015 ugonjwa ukazuka tena Dar es Salaam, ukasambaa karibu nchi nzima, na mpaka unapungua baada ya miaka kadhaa ulikuwa umewapata watu zaidi ya 30,000. Mei ya mwaka huo huo wa 2015, pale Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kipindupindu kiliwavamia wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wamebanana bila maji salama wala vyoo vya kutosha. Ziwa hilo hilo linafika mpaka Kasanga, katika wilaya hiyo hiyo ya Kalambo. Kwa hiyo tusiseme hayo ni mambo ya mbali.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe, yaani klorini. Watu wengi wanaijua kwa harufu yake tu, na wengine wanaikimbia kwa harufu hiyo hiyo. Wapo pia wanaonong'ona kwamba dawa ya maji inaondoa uzazi. Huo ni uvumi usio na msingi. Miji mikubwa ya dunia imekuwa ikitia klorini katika maji ya kunywa kwa zaidi ya miaka 100. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza mwaka 1908 na haujaacha kuzaa watoto.

Klorini inafanyaje kazi? Ichukue kama askari mwenye idadi maalumu ya risasi. Ukiitia ndani ya maji inashambulia kila kitu inachokikuta: kijidudu, tope, jani lililooza, utelezi wa ukutani, hata jasho la mkono. Haichagui. Kila inaposhambulia, yenyewe inatumika na kwisha. Ndiyo maana maji ya tope yanahitaji dawa nyingi zaidi kuliko maji maangavu: risasi zinaishia kwenye tope, vijidudu vinabaki vinacheka. Klorini inayobaki baada ya vita hiyo ndiyo mlinzi wa maji yako. Kama hakuna kilichobaki, maji hayana mlinzi, na kidole cha kwanza kichafu kitakachoingia kitayaharibu upya.

Jambo hili lilidhihirika kwa namna ya kusikitisha huko Uholanzi, na halikuhusu maji ya kunywa hata kidogo. Wenzetu wa nchi za baridi wana mabeseni makubwa ya kuogea, yenye maji ya moto yanayobubujika, ambayo mtu hukaa ndani yake kupumzisha mwili. Mwezi Februari 1999, katika maonyesho ya maua kwenye mji wa Bovenkarspel, beseni la namna hiyo liliwekwa kama bidhaa ya kuuzwa. Hakuna aliyeoga humo. Watu walipita tu, wakaangalia, wakaendelea na matembezi yao. Lakini maji yalikuwa vuguvugu na hayakuwa na dawa ya kutosha, na ndani yake alizaliana bakteria aitwaye Legionella, anayesababisha homa kali ya mapafu. Mapovu yakarusha mvuke hewani, wapita njia wakauvuta. Watu wasiopungua 32 walikufa.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu kina funzo kwa mwenye simtanki. Maji yakiwa vuguvugu, yakikaa muda mrefu na dawa ikiisha, vijidudu hujenga makazi. Wataalamu wa Marekani hutaka bwawa la kuogelea liwe na klorini isiyopungua miligramu 1 kwa lita, lakini beseni la maji moto lisipungue miligramu 3, kwa sababu joto na miili ya watu huila dawa haraka. Jua nalo huila. Tangi jeusi linalopigwa na jua la mchana si beseni la Uholanzi, lakini kanuni ni ile ile. Ukipitisha kidole ndani ya tangi la zamani ukahisi utelezi, ujue huo ni mji wa vijidudu, na ndani ya utelezi huo wamejificha mahali ambapo dawa inawafikia kwa shida.

Basi tufanyeje? Nitaeleza hatua kwa hatua, na msomaji wa gazeti hili anaweza kukata ukurasa akautuma nyumbani.

Kwanza, tibu maji ya kunywa kwenye ndoo, siyo kwenye tangi. Tangi la lita 1,000 lina mambo mengi yanayokula dawa, na si rahisi kujua kilichobaki. Ndoo ya lita 20 unaimudu. Kama maji yana tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Ndipo utie dawa.

Pili, tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, kama vile WaterGuard au vidonge vingine vinavyouzwa madukani. Vidonge vingi vya nchini ni kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, lakini viko vya ukubwa mbalimbali, kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kabla ya kukifungua. Usikisie. Kidonge cha lita 20 hakigawanywi katika mapipa, na cha pipa hakitupwi katika jagi.

Tatu, koroga, funika, na subiri dakika 30. Watu wengi wanashindwa hapa, maana mtoto ana kiu na dakika 30 ni nyingi. Lakini askari wetu anahitaji muda wa kupigana. Kwa watu wa Ufipa nina nyongeza: maji ya baridi kali huichelewesha klorini. Maji yaliyolala nje usiku wa Julai yasubiri zaidi, saa nzima ni vizuri. Njia rahisi ni kutia dawa jioni kwa maji ya kesho.

Nne, nusa na uonje. Baada ya muda huo maji yawe na harufu hafifu ya dawa. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanaponywewa yawe bado na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita, na nyumbani miligramu 0.5 ni kiasi kizuri. Kwa hesabu ya kijijini, hiyo 0.5 ni nusu gramu katika lita 1,000. Ni kidogo sana, haimdhuru mtu. Kama harufu haipo kabisa, dawa imeliwa yote: chuja tena, rudia. Pua si kipimo cha kutegemewa sana, lakini shule, zahanati na jumuiya za watumiaji maji zinaweza kununua kipimo kidogo cha rangi, ambacho huonyesha kwa dakika chache kama mlinzi bado yuko zamu.

Tano, na hii ndiyo kubwa kuliko zote: angalia chombo na mkono. Nilipokuwa Mwimbi niliingia nyumba moja nikamwamkia bibi mwenye nyumba, na baada ya kuniitikia marahaba akaagiza niletewe maji. Ndoo ilikuwa safi, imefunikwa vizuri. Mjukuu wake, kijana mwenye heshima zake, alifunua, akazamisha kikombe na vidole vyake vinne mpaka kwenye maungio, akaniletea kwa mikono miwili na kupiga goti. Heshima ilikuwa kamili. Lakini vidole vile vilikuwa vimetoka kumshika ndama. Kikulacho ki nguoni mwako. Maji yanaweza kutoka chemchemi safi kabisa, yakapita kwenye bomba zima, halafu yakaharibikia sebuleni.

Dawa ya hilo haina gharama kubwa. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, kama dumu, yamiminwe badala ya kuchotwa. Au nunua ndoo yenye koki chini. Anayependa mtungi kwa ubaridi wake aendelee, ila atumie kata yenye mkono mrefu, itundikwe ukutani, isiwekwe sakafuni, na asisahau kwamba udongo wa mtungi nao hula dawa. Na mikono ioshwe kwa sabuni. Hapo hakuna njia ya mkato.

Vipi kuhusu kuchemsha? Kuchemsha ni njia nzuri na ya uhakika. Huua hata vile vimelea vyenye ganda gumu ambavyo klorini huviacha. Watu wa nyanda za juu wameniuliza kama maji yao yanachemka sawasawa. Ni kweli kwamba mahali penye mwinuko wa mita 1,800, maji hutokota kwenye nyuzi joto 94 hivi, siyo 100. Lakini nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu vya kuhara. Acha yatokote kwa mapovu makubwa kwa dakika chache, basi. Udhaifu wa kuchemsha ni mwingine: kunakula kuni au mkaa, na maji yakishapoa hayana mlinzi yeyote. Yaliyochemshwa asubuhi yakiguswa na kikombe kichafu mchana, jioni ni hatari tena.

Kwa asiye na kuni wala dawa, iko njia ya jua. Chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ijazwe maji maangavu, ilazwe juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Siku ya mawingu, iachwe siku mbili mfululizo. Mionzi ya jua huua vijidudu vingi. Haifai kwa maji ya tope, na haileti ulinzi wa baadaye, lakini ni bora mara mia kuliko kunywa hivi hivi.

Sasa turudi kwenye simtanki. Lioshwe angalau mara moja kwa mwaka, na wakati wake kwa Ufipa ni mwishoni mwa kiangazi linapokuwa karibu tupu. Kuta zisuguliwe kwa burashi mpaka utelezi wote utoke. Kama ni tangi kubwa la kuingia ndani, mtu asiingie peke yake. Awepo mwenzake mdomoni. Mvua za mwanzo ziachwe zioshe bati, maji yake yaelekezwe nje. Mvua inayofuata ijaze tangi, kisha itiwe klorini ya chengachenga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 75 kwa kila lita 1,000. Chengachenga hizo ziyeyushwe kwanza ndani ya ndoo ya maji: dawa ndiyo iingie kwenye maji, siyo dawa kumwagiwa maji. Maji hayo yakae saa 24, na hayo siyo ya kunywa. Yamwagwe mbali na bustani na bwawa la samaki. Ndipo tangi lijazwe maji ya kutumia. Mfuniko ufungwe vizuri na mdomo wa bomba la bati uwekwe wavu wa kuzuia mbu.

Na tahadhari moja kwa wote, wa mjini na wa kijijini. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo wala na kemikali nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwua mtu chumbani. Iwekwe mahali penye ubaridi na giza, mbali na watoto, na ikikaa sana hupoteza nguvu.

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya jambo ambalo bado linanipa fahari kama mtu wa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakungoja mabomba yafike ndipo waanze. Leo ipo RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na ni haki yetu kuidai itufikishie maji na kuyatibu. Tuidai bila kuchoka. Lakini hakuna wakala atakayekuja kuosha kikombe chako.

Kwa hiyo wewe uliyeko mjini, ukimtumia mama simtanki, funga pamoja na mzigo huo ndoo moja yenye koki na vidonge vya kutosha miezi michache. Gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya tangi. Halafu mpigie simu, usimwulize tu kama maji yapo. Mwulize yanakaa kwenye chombo gani, yanachotwa na nani, na yametiwa dawa lini.